Bolti Iliyovunjikia Mkononi Mwangu

Bolti inapokaribia kuvunjika hutoa taarifa, lakini taarifa hiyo huielewa tu mtu aliyekwisha kuvunja nyingine. Spana huwa nzito, halafu ghafla huwa nyepesi kidogo, kana kwamba chuma kimekubali. Asiyejua hufurahi. Hudhani kutu imeachia, kumbe bolti yenyewe ndiyo inayojinyonga, nusu ya juu ikizunguka na nusu ya chini ikibaki palepale.

Mimi nilifurahi. Nikasukuma tena, na kichwa cha bolti kikabaki ndani ya spana. Nilikitoa nikakitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Mahali kilipokatikia palikuwa na rangi mbili: sehemu kubwa ilikuwa nyeusi yenye wekundu wa kutu, na pembeni palikuwa na mwezi mwembamba wa chuma kinachong'aa, kipya kabisa. Ule mwezi mwembamba ndio niliouvunja mimi. Sehemu nyingine yote ilikuwa imekwisha kupasuka zamani, kabla sijawahi kulishika gari lile.

Katika insha hii nataka kuuliza swali ambalo limenisumbua tangu likizo ile ya Desemba. Kitu kilichokuwa kikivunjika kwa miaka mingi kinapokatikia mkononi mwa mtu wa mwisho kukishika, mtu huyo anadaiwa nini? Nilidhani swali ni moja. Baadaye niliona ni mawili, na kwamba lile la kwanza, lililonikosesha usingizi, ndilo jepesi.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Gereji ninayoizungumzia iko Gisenyi, na mimi hufanya kibarua pale wakati wa likizo ili kupata nauli na fedha za kutolea nakala za vitabu. Sitaitaja jina, wala sitamtaja mtu yeyote wa pale. Gari lilikuwa Toyota Hiace ya dizeli inayobeba abiria kwenda Kigali. Pampu yake ya maji ilikuwa ikivuja, na dereva, ambaye ndiye mwenye gari, alitaka kuondoka alfajiri ya kesho yake. Ilikuwa saa tisa alasiri. Fundi mkuu, ambaye sote tunamwita Mzee, alikuwa msibani Nyamyumba. Tulibaki watatu: mimi, kijana mmoja wa kuosha vyuma, na kaka mmoja aliyenizidi miaka saba na ujuzi wa miaka yote hiyo.

Pampu ya maji hushikwa kwenye bloku ya injini kwa bolti kadhaa za milimita nane, zile ambazo kichwa chake huingia spana namba 12. Gerejini kwetu bolti huitwa kwa Kifaransa, boulon, na kila mtu hulitamka neno hilo anavyoweza. Ni vitu vidogo, kila kimoja si kirefu kuliko kidole changu. Nyumba ya pampu ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma cha kusubu, na bolti ni ya chuma pua. Metali tofauti zikigusana ndani ya maji yenye madini, moja huliwa taratibu. Ndiyo sababu kwenye rejeta hushauriwa kutia maji maalumu yenye dawa ya kuzuia kutu. Lakini dawa ina bei, na Ziwa Kivu halina bei. Madereva wengi niliowaona huchota maji popote wanapoyapata, na maji ya Kivu yana chumvichumvi za madini kwa wingi. Kutu inapoota huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo bolti iliyokaa miaka kumi katika tundu lenye unyevu hubanwa pande zote, kama mlango wa mbao uliovimba wakati wa masika.

Hayo nayajua leo. Siku ile nilijua tu kwamba bolti nne zilitoka na ya tano ilikuwa ngumu. Sikuipaka mafuta ya kulainisha kutu na kuisubiri. Sikuigonga kichwani kwa nyundo, wala sikuitia moto. Sikuikaza kidogo kabla ya kuilegeza, jambo ambalo Mzee alinifundisha siku ya kwanza kabisa. Nilichukua kipande cha bomba, nikakivika kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, nikaegemea.

Kaka yule alikuja, akatazama, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Zimebaki nne nzuri. Tutatia silikoni nyingi pale, haitavuja." Nikamuuliza kama tumwambie dereva. Akajibu, "Umwambie nini? Atajua kisiki ni kitu gani? Utamtia hofu bure, na kesho ana abiria." Tulifunga pampu mpya kwa bolti nne. Kwenye tundu la tano tulijaza silikoni, na juu yake kaka akabandika kichwa kile kilichokatika ili kwa macho ionekane bolti ipo. Saa kumi na mbili jioni dereva alilipa, akashukuru, akanipa mimi mia tano ya soda. Asubuhi gari liliondoka.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza: nani aliyeivunja bolti ile?

Ukiniuliza nitaje wahusika wote, orodha ni ndefu. Yuko dereva aliyetia maji ya ziwa. Yuko fundi fulani, sijui wa wapi, aliyeifunga mara ya mwisho akaikaza kupita kiasi. Najua hivyo kwa sababu bolti ya milimita nane haihitaji nguvu nyingi, mkono mmoja na spana fupi vinatosha, na ufa ule wa zamani haukuja wenyewe. Yako mabonde na milima: barabara ya kwenda Kigali hutoka ufukweni, mahali penye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari, ikapanda kupitia Mahoko na Bigogwe hadi zaidi ya mita 2,000 huko Mukamira, na kila mpando injini huchemka, kila mteremko hupoa, chuma kinatanuka na kunywea maelfu ya mara. Halafu niko mimi na bomba langu. Mwezi mwembamba ule, kwa kukadiria kwa jicho, ulikuwa kama moja ya kumi ya unene wa bolti. Je, nadaiwa moja ya kumi ya kosa?

Nilicheka nilipoandika swali hilo, lakini si la kipuuzi. Aristotle, katika kitabu cha tano cha maandishi yake ya maadili, anatenganisha madhara ambayo mtu huweza kumfanyia mwenzake. Kuna madhara yanayotokea kinyume na matarajio yoyote ya busara. Hayo ni mkosi. Kuna yale ambayo yangeweza kutarajiwa, lakini aliyeyafanya hakuwa na nia mbaya. Hayo ni kosa. Na kuna yale yanayofanywa mtu akijua. Hapo ndipo dhuluma inapoanzia. Bolti kuvunjika mkononi mwa fundi mzoefu aliyeipaka mafuta, akaitia moto na kuisubiri, huo ni mkosi. Mkononi mwangu, pamoja na lile bomba, lilikuwa kosa. Ufa wa zamani unapunguza kosa, hauliondoi, kwa sababu ufa huo ndio hasa niliofundishwa kuutarajia. Gari kuukuu lina nyufa. Ndiyo maana limeletwa gereji.

Wanafiqhi wa Kiislamu walilijadili jambo hili kwa mfano ambao ulinishangaza ulivyo karibu na wangu. Mwenzangu mmoja darasani, aliyelelewa katika mtaa wa Waislamu hapa mjini na kusomea chuoni tangu utotoni, ndiye aliyenionyesha. Hidaya, kitabu cha madhehebu ya Hanafi kilichoandikwa na Marghinani katika karne ya 12, kinamzungumzia fundi anayehudumia watu wote, kama vile mfua nguo ambaye enzi hizo alizipigapiga nguo ili zitakate. Nguo ikipasuka katika kupigwa, je, analipa? Jibu la kitabu ni kwamba analipa, kwa kuwa imeharibika kwa kazi ya mkono wake. Lakini mwanachuoni Zufar, wa madhehebu hiyohiyo, alipinga, na Shafii vilevile: mwenye nguo ndiye aliyemwamuru aipige, basi kupigwa kukiipasua, atalipaje kwa kutii amri?

Nilimwuliza mwenzangu yeye anaegemea wapi. Akasema kwamba swali lake kwangu ni moja tu: mwenye nguo alipomwamuru aipige, alimwamuru aipige hivyo? Dereva aliniamuru nifungue bolti. Hakuniamuru nitumie bomba.

Kwa hiyo kwa swali la kwanza jibu langu ni kwamba nadaiwa. Si bolti nzima ya miaka kumi, bali kazi ya kuitoa, ambayo isingehitajika kama ningekuwa na subira. Nasema swali hili ni jepesi kwa sababu hata nikikosea katika kugawa sehemu hizo, hasara yake ni ya saa kadhaa na faranga kadhaa. Watu wawili wenye akili timamu wanaweza kukaa chini wakagawana.

Lakini ili wakae chini lazima wote wawili wajue kwamba bolti imevunjika.

Hapo ndipo penye swali la pili. Nataka nimtendee haki yule kaka, kwa kuwa si mtu mbaya na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema mambo matatu, mengine siku ile na mengine baadaye nilipombana. Kwanza, kwamba bolti nne zinatosha: watengenezaji huweka zaidi ya zinazohitajika. Pili, kwamba dereva hana ujuzi wa kupima habari hiyo, kwa hiyo kumpa ni kumbebesha hofu asiyoweza kuifanyia chochote. Tatu, na hili ndilo lililoninyamazisha, kwamba ukweli ule ungemgharimu dereva siku nzima ya kazi, na dereva anayelipa mkopo wa gari hana siku ya kupoteza. "Wewe unataka moyo wako upoe," aliniambia, "na yeye ndiye alipe bili."

Na kweli, halikutokea lolote. Hiace ilikwenda Kigali na kurudi, ikaenda tena na kurudi. Silikoni ilishika. Ningeweza kuandika insha ya kusisimua ambamo injini inachemka katikati ya mpando wa Bigogwe, hedi ya silinda inapinda, abiria wanashuka usiku kwenye baridi na mvua. Hayo hayakuwa. Kama kosa hupimwa kwa matokeo, basi hatukufanya kosa.

Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika juu ya bahati katika maadili, na wote wawili walitumia mfano wa dereva. Nagel anamfikiria dereva ambaye hakukaguliwa breki zake kwa muda. Mtoto akiingia barabarani ghafla, dereva huyo atajilaumu maisha yake yote. Mtoto asipoingia, atafika nyumbani, atakula, atalala. Uzembe ni uleule, na kilichotofautiana ni mtoto, ambaye dereva hakuwa na uwezo juu yake. Nagel anasema tunawahukumu madereva hao wawili tofauti, ingawa tukitulia hatuwezi kueleza kwa nini.

Niliposoma mfano huo nilijitambua mara moja: mimi ni yule wa pili, aliyefika nyumbani. Lakini kuna kitu ambacho mfano wa breki haukigusi. Dereva wa Nagel amesahau. Sisi hatukusahau. Sisi tulichukua kichwa cha bolti tukakibandika juu ya silikoni. Kazi nzima ya kile kichwa ilikuwa kumzungumza dereva, kumwambia "nipo" wakati hakipo. Hakikushika pampu. Hakikuzuia maji. Kati ya vitu vyote vilivyokuwa ndani ya injini ile, hicho ndicho pekee kilichowekwa kwa ajili ya macho ya mtu.

Nadhani hapo ndipo hoja ya kaka inapoporomoka. Anasema dereva hana ujuzi wa kupima habari hiyo. Ni kweli, na ndiyo sababu alituletea gari. Mtu anayejua injini angeweza kusema, "Nyinyi fanyeni mnavyofanya, nitakagua mwenyewe." Asiyejua hana njia hiyo. Anakabidhi funguo, anakwenda kunywa chai, anarudi, anawasha, anasikiliza sauti, analipa. Katika lugha yetu kitu kilichokabidhiwa hivyo kina jina lake, ni amana. Na jambo la ajabu kuhusu amana ni kwamba ujinga wa aliyekabidhi haumpunguzii mpokeaji mzigo, unauongeza. Kadiri dereva asivyoweza kuona, ndivyo macho yetu yanavyopaswa kuwa yake. Kaka aliugeuza ujinga wa dereva kuwa ruhusa.

Hoja ya siku moja ya kazi ni nzito zaidi, na sina hakika kwamba nimeishinda. Najua tu kwamba hesabu ile haikuwa yetu kuifanya. Labda dereva angesema, "Fungeni hivyohivyo, nitarudi Jumapili mnitolee." Lingekuwa neno la busara kabisa, na gari lingeondoka alfajiri ileile, likiwa na silikoni ileile na bolti nne zilezile. Naona vigumu kueleza jinsi magari hayo mawili, yasiyotofautiana hata kwa nukta moja ya chuma, yanavyotofautiana. Lakini katika lile la kwanza aliyeamua kubeba hatari ya mlima ni mtu aliyekaa kwenye usukani. Katika la pili tuliamua sisi, tuliokuwa tumelala.

Nilimwambia Mzee siku ya tatu. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Niliogopa kwamba ataiona mwenyewe gari litakaporudi. Alinisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa. Hakunikemea. Aliniuliza kichwa cha bolti kiko wapi, na nilipomwambia tulikibandika juu, ndipo uso wake ulipobadilika. Alimpigia dereva simu mbele yangu, akamwambia, "Kijana wetu alivunja bolti ya pampu na hatukukuambia. Ukishusha abiria wako, usilipeleke gari kokote, lilete." Sikusikia dereva alijibu nini, lakini Mzee aliishikilia simu mbali kidogo na sikio.

Kuitoa bolti ile kulichukua karibu siku nzima, na nataka niieleze kazi hiyo kwa sababu ndiyo niliyojifunza zaidi.

Pampu ilipofunguliwa, kisiki kilionekana ndani ya tundu, chini kidogo ya uso wa bloku, hakuna pa kushika kwa koleo. Mimi nilikwisha kuandaa keekee. Nilikuwa nimeona mahali fulani jinsi watu wanavyotoboa kisiki katikati, wakaingiza chombo cha chuma kigumu chenye hesi zinazokwenda kinyume, ambacho kadiri unavyokizungusha kulegeza ndivyo kinavyozidi kuuma, hadi kisiki kinatoka nacho. Mzee alikataa. Alisema chombo hicho ni kigumu lakini kinakatika kama kioo, na kikikatikia ndani ya kisiki, biti ya kawaida ya keekee haiwezi kukitoboa. "Utakuwa umezika chuma kigumu ndani ya chuma laini," alisema. "Hiyo nguvu iliyovunja ya kwanza, unataka kuirudia kwa kitu chembamba zaidi?"

Alipaka mafuta ya kupenya kutu akaenda kunywa chai. Akarudi, akaweka panchi katikati ya kisiki, akagonga mara nyingi, si kwa nguvu. Akapaka tena. Akasubiri tena. Mimi nilikuwa nikihesabu dakika, nikijua dereva amekaa kwenye benchi nje akizihesabu pia. Mzee hakuwa mvivu. Alikuwa akiyapa mafuta muda wa kushuka katika mikato ya hesi, mahali ambapo nguvu ya mtu yeyote haifiki.

Kisha akatenganisha betri, akaweka nati juu ya kisiki, akaichomelea kwa ndani hadi nati na kisiki vikawa kitu kimoja. Moto wa kuchomelea hufanya kazi mbili: unatengeneza kichwa kipya, na unakitanua kisiki ghafla ndani ya kutu iliyokibana, hivyo kinapopoa kinanywea na kuacha nafasi ndogo. Mara ya kwanza nati ilibanduka. Hakusema kitu. Alisafisha, akachomelea nyingine, akaiacha ipoe hadi inashikika kwa mkono. Ndipo akatia spana, ile fupi, bila bomba.

Hakulegeza. Alikaza kwanza, upana wa unywele. Kisha akalegeza upana huohuo. Akakaza, akalegeza, akapaka mafuta, akakaza. Kwa muda mrefu kisiki kilikuwa kikienda na kurudi bila kutoka, na vumbi jekundu la kutu likawa linapanda pembeni pamoja na mafuta. Aliniita akanipa spana. "Sikiliza kwa kiganja," alisema. Nilihisi mahali kinapokataa, na nilihisi pia hamu yangu mwenyewe ya kusukuma kidogo zaidi. Niliacha. Nikarudisha. Sijui ilichukua mizunguko mingapi hadi kikaanza kuja.

Tundu lilisafishwa hesi zake, bolti mpya ikaingia kwa vidole hadi mwisho.

Ikaja sehemu ya kulipa. Dereva alitaka fidia ya siku yake. Mzee alimwonyesha uso wa bolti wenye rangi mbili, akamweleza juu ya maji ya ziwa. Dereva akasema, "Mzee wangu, mambo ya kutu tungeyaongea siku ileile, nami ningekuelewa. Leo siwezi kukuelewa." Nadhani hakuna mwanafalsafa aliyelisema jambo hili vizuri zaidi mbele yangu. Ushahidi wetu ulikuwa wa kweli. Ufa ulikuwa wa zamani, wekundu ulikuwa wazi machoni. Lakini kwa kunyamaza siku tatu tulikuwa tumepoteza haki ya kuutumia. Mtu aliyeficha kichwa cha bolti hawezi kukitoa baadaye kuwa shahidi wake. Mzee aliliona hilo upesi kuliko mimi. Alimrudishia fedha zote za pampu ya ufundi, akamwongezea za mafuta ya gari, na ile siku iliyopotea dereva akaibeba mwenyewe, akinung'unika. Mimi sikulipwa wiki ile, na sikuuliza.

Rafiki aliyeisoma rasimu ya insha hii alinishauri niifanye bolti kuwa mfano wa nchi yetu, au wa familia, au wa ndoa: kilichovunjika ndani kinavyotolewa kwa subira. Nimekataa. Sisi wa hapa tumechoshwa na mifano ya namna hiyo, na watu si injini. Kisiki hakina habari na wewe. Hakikusamehe kinapotoka. Aliyehitaji kusema kitu siku ile alikuwa dereva kwenye benchi, na ninaona tungemdharau mara ya pili tukimfanya picha ya kitu kingine.

Bado nabishana na Williams juu ya jambo moja. Yeye anamzungumzia dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila kosa lolote, na anasema dereva huyo atahisi uchungu wa aina yake, tofauti na wa mtazamaji, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa kwenye usukani. Na sisi tungemshangaa kama asingeuhisi. Nakubali. Lakini Williams anauhesabu uchungu huo kuwa wa mtendaji kuhusu tendo lake. Wangu haukuwa hivyo. Kuvunja bolti kuliniuma jioni moja. Kilichoniuma siku tatu kilikuwa ile mia tano ya soda, ambayo dereva alinipa kwa mkono wake wa kulia, akitabasamu, kwa kuwa alidhani nimemsaidia. Sikuitumia. Ilikaa mfukoni mwa ovaroli hadi Mzee alipompigia simu, na hata baada ya hapo sikupata namna ya kuirudisha bila kumdhalilisha.

Dereva yule hakutuhama, ingawa nilidhani atatuhama. Alirudi likizo ya Pasaka, safari hii kwa ajili ya mkanda wa feni. Aliniona, akanijibu salamu, akaleta benchi kutoka nje na kuliweka ndani, hatua mbili kutoka kwenye injini. Nilipochukua spana aliinama mbele kidogo. Bolti ya kwanza ilikuwa ngumu. Niliiacha, nikaenda kutafuta mafuta, na niliporudi alikuwa ameinuka, ameinamia injini, anaipapasa ile bolti kwa kidole.

"Hii ndiyo inayokataa?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo hiyo, na kwamba itabidi tuisubiri. Akaangalia saa yake, akaketi.